Unashinda Wapi?

Siku ya hitima ya Rajabu, pale Kibiti, mimi na Hidaya tulikaa uani pamoja na wanawake wengine tukichagua mchele, magoti yetu yakigusana kama zamani, ingawa hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Upande wa pili wa ukuta wa makuti wanaume walikuwa wakisoma, na sauti zao zilipanda na kushuka juu ya moshi wa sufuria. Binti wa marehemu, Mwajuma, alikuja na ungo mwingine, akachuchumaa mbele yetu. "Mama zangu, mtanisamehe," alisema. "Wajomba wananiuliza wageni hawa wa Dar ni nani, nami sina la kuwajibu. Baba alikuwa akiwataja kwa jina moja tu, 'wale wa sinia'. Hebu niambieni, kazini mlikuwa nani wake? Wakubwa wake, au alikuwa mkubwa wenu?" Hidaya alicheka, kisha akainama kana kwamba ameona jiwe kwenye mchele. Mimi niliendelea kuchagua mchele. Lilikuwa swali la adabu, la mtu anayetaka kuwatambulisha wageni. Lakini mwaka ule tuliofanya kazi pamoja, swali hilohilo, la nani ni nani na kazi ya nani inaishia wapi, ndilo lililotutenganisha.

Sitasimulia nilikotoka wala waliokuwa wazazi wangu. Hayo hayana uzito hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimetoka chuoni, nikiwa na imani ambayo hata leo sijaitupa: kwamba jina la mkulima likiingia kwenye mashine, pamoja na haki yake, hapatakuwa na mkubwa wa kuila haki hiyo kwa kusingizia kwamba hakumjua. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa au kuuzwa, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamefika hadi vichochoroni, na neno "kupunguzwa" lilitamkwa kwa sauti ya chini kama jina la maradhi. Kaka yake Rajabu alikuwa amepunguzwa, akarudi kwao milima ya Kusini akiwa na sanduku na redio. Ghala moja la korosho hapo Kibiti, lililobaki tupu baada ya ushirika kudhoofika, lilikodishwa na mradi wetu. Hata baada ya kupakwa chokaa lilinuka maganda ya korosho na magunia ya katani. Tuliwekewa humo kompyuta mbili za vioo vya kijani, printa yenye kelele ya cherehani, na jenereta iliyounguruma nyuma ya nyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Mto Rufiji ulikuwa umefurika na kuchukua mazao, na mradi ulitaka kuwapa wakulima mbegu za mahindi na kunde kwa ajili ya mlao. Asiyejua mlao na ajue hivi: maji yakishapungua bondeni, huacha tope lenye unyevu, na wakulima hupanda humo bila kungoja mvua. Lakini tope halimngoji mtu. Jua likilipiga sana hupasuka, na mbegu inayofika baada ya hapo ni chakula cha kuku. Rajabu aliandika programu ya kuwatambua wakulima na kupanga magunia, Hidaya aliingiza majina na kuchapisha, nami nilizunguka vijijini kuandikisha watu. Hivyo ndivyo ningesema leo. Wakati huo hatukuwa na vyeo, tulikuwa na sinia. Kila adhuhuri Hidaya aliweka kati yetu wali wa nazi, au ugali wa muhogo na kambare wa moshi, nasi tulikaa mkekani, tukala kwa mkono na kuzungumza juu ya programu kama watu wazungumzavyo juu ya mtoto aliyeanza kutembea.

Ni kwenye sinia hiyo tulipotunga maswali ya kuwauliza wakulima. Mimi nilipendekeza "Unaishi wapi?" Hidaya akatikisa kichwa. "'Unaishi' ni Kiswahili cha redioni hicho, Zaina. Ukimwuliza hivyo mtu wa huku atadhani unamwuliza kama yuko hai. Sema 'Unakaa wapi?'" Rajabu akasema, "Mndengereko amenena, mimi Mmatumbi ni nani nibishe?" Hidaya akamrushia mfupa wa samaki. Tukaandika hivyo.

Nilianza kuandikisha Mahege na vijiji vingine vya juu, kisha nikateremka bondeni, pale mto unapoanza kugawanyika kuelekea Delta. Huko nilipokewa na Bi Somoe, mjane mwenye sauti nene, aliyenilaza katika dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba ili maji na nguruwe visimfikie mtu. Nilipomwuliza, "Bi Somoe, unakaa wapi?" aliniangalia kwa mshangao. "Si hapa? Kwani huoni nimekaa?" Majirani waliangua kicheko, nami nikacheka, nikaandika: bondeni. Kumbe mama huyo alikuwa ameandikishwa Mahege pia, alipokwenda kumzika shemeji yake, na huko alijibu, "Nakaa hapa hapa Mahege." Hakudanganya mara ya kwanza wala ya pili. Mahege kulikuwa na nyumba yake na makaburi yao. Bondeni kulikuwa na jembe lake. Wengi walikuwa kama yeye. Na jambo hilo halikutusumbua hata kidogo, kwa sababu Hidaya alikuwa akipaza sauti kutoka mezani kwake, "Zaina! Huyu Somoe wa Mahege na huyu wa bondeni ni mmoja?" Nami najibu, "Mmoja." "Mbegu aipate wapi?" "Bondeni." Rajabu, bila kuinua kichwa, anarekebisha karatasi za mgao ule tu. Nimeitafakari sana kazi ile ya kuulizana. Haikuwa na jina, haikuwa na mwenyewe, na hakuna aliyejua kwamba ni kazi.

Mgao wa kwanza ulifana kiasi kwamba wafadhili walianza kutuongezea. Waliongeza vyandarua, kisha salfa ya kupulizia mikorosho, kisha watoto wa shule. Kila walichoongeza kilipaswa kuingia katika programu ileile, na Rajabu alianza kukonda. "Nikishona huku, kule kunafumuka," alituambia. Siku moja aliingiza salfa, na wakulima wote wasio na mikorosho wakatoweka kwenye hesabu ya mbegu, nasi tuligundua kwa sababu tu Hidaya, akimenya embe, alisema, "Mbona leo bonde limekuwa dogo?" Safari nyingine hatukubahatika. Vyandarua vilipelekwa kijiji kisichohusika, wafadhili wakakasirika, na Bwana Edwin akaletwa kutoka Dar es Salaam awe msimamizi.

Naomba nimtendee haki mtu huyu. Alikuwa mnyenyekevu, mwenye akili kali, na aliona siku ya kwanza jambo ambalo sisi tulilikataa kwa sababu ya mapenzi: kwamba programu ilikuwa imekuwa kubwa kuliko vichwa vyetu. "Ninyi ni watu wazuri," alituambia, "lakini Rajabu akiugua malaria leo, mradi unaugua naye. Hiyo si kazi, ni bahati." Akabandika ukutani chati ya visanduku na mishale, kila kisanduku na jina. Akaajiri vijana wengine wa kuingiza data. Akaleta fundi, na ghala letu likakatwa vyumba kwa plaiwudi. "Bi Hidaya," alisema, "kuanzia sasa kazi yako ni kusimamia uingizaji. Ukiona kasoro usiulize ng'ambo ya ukuta. Nijulishe mimi, nami nitamwelekeza mhusika."

"Na nikiona nyoka?" aliuliza Hidaya.

"Nyoka pia," alijibu Bwana Edwin, na hata yeye akacheka.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kigumu kukihukumu. Makosa yalipungua. Ripoti zilitoka kwa wakati. Lakini plaiwudi haizuii sauti, huzuia jibu tu. Nilipokuwa Kibiti nilisikia kila neno la Rajabu akijisemea mbele ya mashine, nikamsikia Hidaya akiguna, na hatukuitana. Sinia ilibaki jikoni imefunikwa kawa. Rajabu alikula chapati mezani kwake, mkono mmoja juu ya kibodi. Siku moja nilimkuta mlangoni nikamwambia amepotea. Alitabasamu bila furaha. "Sijapotea, da Zaina. Niko kwenye kisanduku changu."

Mafuriko madogo yalikuja tena, maji yakapungua, na mlao ukawadia. Nilikuwa bondeni wakati ule nikiwahimiza watu watayarishe mashamba. Bi Somoe alikuwa ameshafyeka majani. Alichovya kidole gumba katika tope akanionyesha. "Unaona linavyonata? Likifanya hivi linataka mbegu. Likianza kung'aa, ujue limenuna. Mwambie huyo mwenye mashine wenu aharakishe." Nilimwahidi kwamba mbegu iko njiani. Nilirudi Kibiti asubuhi, nikakuta lori limesimama mbele ya ghala, wapakizi wakirusha magunia. Nilimwuliza dereva, mtu wa makamo aitwaye Shomari, anaanzia kijiji kipi cha bondeni.

"Bondeni?" alisema. "Bondeni kuna viroba vichache tu, dada. Mzigo wote huu ni wa Mahege."

Niliingia mbio kwa Hidaya. Hakuelewa hofu yangu mpaka nilipomaliza kueleza, kisha akashika mdomo. Alikuwa ameona majina yaleyale yakijitokeza mara mbili, akamjulisha Bwana Edwin kama alivyoagizwa. Bwana Edwin, aliyekuwa amefundishwa kwamba jina linalojirudia ni ishara ya udanganyifu, akaagiza marudio yafutwe. Rajabu aliuliza abakize lipi, akajibiwa abakize la kwanza. La kwanza lilikuwa la Mahege, kwa kuwa ndiko nilikoanzia. Kila mtu alikuwa ametenda wajibu wake, tena kwa uangalifu. Na mbegu ya bonde zima ilikuwa ikienda kwenye nyumba zilizofungwa, kwa kuwa wenyewe walikuwa bondeni wakiingojea.

Bwana Edwin alikuwa Dar es Salaam. Tulikwenda posta kumpigia simu. Iliita, ikaita, ikakatika. Tuliporudi, Shomari alituonya kwamba ana mzigo mwingine wa mtu na alasiri haitamkuta hapo. Tukamwendea Rajabu. Alisikiliza akiwa ametupa mgongo.

"Nilichoelekezwa kukiandika nimekiandika," alisema. "Kubadili kanuni ni kazi ya Bwana Edwin. Chati ile pale."

"Rajabu, tope linakauka," nilimwambia.

"Mimi ni msumari, da Zaina. Msumari haupangi vyumba."

"Tangu lini?" aliuliza Hidaya.

"Tangu kaka yangu aliporudishwa nyumbani na redio!" Sauti yake ilipenya plaiwudi, na vijana wa upande wa pili wakaacha kugonga kibodi. Aliendelea kwa unyonge. "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nina mke mjamzito. Na isitoshe, mnaniambia nini hasa? Mtu mmoja kaandikwa mahali pawili. Mashine itajuaje yuko wapi kweli? Nikirudisha majina yote nitawapa watu mbegu mara mbili, na hapo itakuwa wizi kweli."

Hilo la mwisho lilikuwa hoja. Nje honi ililia. Hidaya alitoka. Nilidhani amekata tamaa, kumbe alikwenda jikoni. Alirudi na sinia, akaitandikia mkeka sakafuni pale pale kati ya waya na makaratasi. Kulikuwa na wali na kamba wa tui. "Kama tunafukuzwa," alisema, "tusifukuzwe na njaa. Shuka kitini, Mmatumbi." Rajabu akashuka. Tulianza kula. Mikono yetu mitatu ilikutana katikati ya sinia, nami nikaanza kueleza mambo ya bondeni kama nilivyozoea kufanya zamani. Nilieleza kidole gumba cha Bi Somoe. Nilieleza kwamba nilipokuwa naaga, jirani yake alinitania, "Mwambie mjomba wangu wa Mahege asinitafute, mimi nakaa kwake lakini nashinda huku."

Tonge la Rajabu liliishia njiani. "Amesema nashinda?"

"Ndivyo wasemavyo wote. Nakaa Mahege, nashinda bondeni."

"Kushinda ni mchana. Jioni anarudi?"

"Atarudije, na nguruwe watamlia shamba? Wanashinda msimu mzima. Kulala kwenyewe kumo ndani ya kushinda."

Alirudisha tonge kwenye sinia, jambo ambalo kwa adabu ya kwetu halifanywi, na Hidaya hakumkemea. "Basi hawajajirudia," alisema Rajabu polepole. "Ni mtu mmoja mwenye majibu mawili, na sisi tulimtengea nafasi moja. Tuliuliza anakaa wapi. Hatukuuliza anashinda wapi." Alinawa mkono haraka, akarudi kwenye kiti. "Hidaya, bado unayo majina kabla ya kufutwa?"

"Yako kwenye diski yangu."

"Zaina, kaa hapa. Kila jina lenye mahali pawili nitalisoma kwa sauti, nawe unaniambia anashinda wapi. Usibahatishe. Usilolijua sema hulijui."

Sijawahi kufanya kazi kama ile, kabla wala baada. Rajabu aliongeza nafasi ya pili kwa kila mkulima, Hidaya akarudisha majina, nami nikajibu. Wengine sikuwajua, tukawaacha kama walivyokuwa, na iliniuma. Jenereta ilikohoa, na sote tukainua vichwa, ikaendelea. Shomari alipiga honi tena, kisha akaja mwenyewe mlangoni, akaona sinia, akaona nyuso zetu, akarudi nje bila kulalamika. Printa ilipoanza kupiga kelele yake ya cherehani, vijana wa data walikuwa wamejaa mlangoni wakitazama.

Shomari alipokea karatasi mpya, akazisoma akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori. "Sasa karibu mzigo wote ni wa mtoni," alisema. "Nani ameamuru?"

"Sisi," nilijibu.

"'Sisi' si jina la mtu, dada. Nikiulizwa, nitataja nani?"

Hidaya alisema, "Nitaje mimi," nami nikasema vivyo hivyo, sauti zetu zikagongana. Lakini Rajabu alikuwa ameshapanda ngazi akasimama karibu na dereva. "Taja Rajabu," alisema. "Programu ni yangu. Hata chati inasema hivyo."

Nilisafiri na lori hilo hadi ukingoni, na magunia yakavushwa kwa mitumbwi. Bi Somoe alifungua gunia lake kwa meno. Sehemu ya chini ya shamba lake ilikuwa bado inanata. Sehemu ya juu ilikuwa imeshang'aa, na nyufa za kwanza zimeonekana. Alichovya kidole gumba katika tope. "Umechelewa, mwanangu," alisema, "lakini hukukosa." Akainama kupanda.

Bwana Edwin aliporejea alitusikiliza hadi mwisho. Alikubali, mbele yetu sote, kwamba mbegu zilikwenda zilikostahili. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mfumo ambao mwenye huruma anaweza kuubadili peke yake mchana mmoja, kesho utabadilishwa na mwenye njaa." Tulimwambia tulikuwa watatu, atuondoe watatu. Alitazama ukutani. "Chati haina kisanduku cha watu watatu," alijibu, na sikuona furaha usoni pake. Mkataba wa Rajabu ulipoisha, haukuongezwa. Ile nafasi aliyoiongeza katika programu haikuondolewa. Msimu uliofuata, karatasi za kuandikishia zilikuja zimechapwa upya, na chini ya "Unakaa wapi?" palikuwa na swali la pili: "Unashinda wapi?" Vijana wapya walidhani limetoka Dar es Salaam.

Nimeongoza timu kubwa tangu hapo, na nimechora chati zangu mwenyewe. Siwezi kujidanganya kwamba sinia moja ingetosha kwa kila kazi. Bwana Edwin alikuwa sahihi, na ningekuwa yeye huenda ningejenga kuta zilezile. Lakini kila ninapomaliza kuchora, hujiuliza ni kazi gani isiyo na jina inayofanywa sasa hivi na watu hawa kwa kupaziana sauti, na ni nani ataifanya nikishawatenga. Mara nyingi sipati jibu. Rajabu alifungua banda la kutengeneza redio hapo Kibiti, na Bi Somoe alipovuna kunde alituletea fungu, nasi tukalipeleka bandani kwake, tukalipika, tukala tukiwa tumezungukwa na redio zilizofumuliwa matumbo. Hakutulaumu. Aliuliza tu kama bonde limeota. Tulimwambia nusu. "Nusu si haba," alisema, akavuta sinia karibu na mkewe.

Mwajuma alikuwa bado amechuchumaa mbele yetu, akingoja, mwana yule ambaye mwaka ule alikuwa tumboni. Wanaume walikuwa wamefika kwenye dua, na sauti zao zilikuwa zimeshuka. Hidaya alinitazama, kwa maana siku zote mimi ndiye niliyejibu, nami nikamwambia binti huyo neno pekee lililokuwa kweli.

"Tulishinda naye."

Aliendelea kunitazama, kama mtu anayedhani sentensi haijakamilika. Hidaya akauvuta ungo kutoka mikononi mwake. "Kawaambie wajomba zako hivyo hivyo," alisema. "Wao ni watu wa huku. Wataelewa."